Oili ya Kwenda Mikumi

Benchi letu lilikuwa taruma la reli, jeusi, zito, limekalishwa juu ya mawe mawili mkabala na stendi ya mabasi ya Kilosa. Urbanus alilileta wiki aliyostaafu reli na mpaka leo hajatuambia alilipataje, ndiyo maana tukamwita Reli. Kando yake alikaa Onesphory, fundi baiskeli, ambaye tulimwita Spana, mtu asiyewahi kugusa injini ya gari hata siku moja na ambaye hakuna swali la injini lililowahi kumshinda. Mimi waliniita Karani, kwa kuwa nilikuwa karani wa ushirika wa pamba, mwaka ambao ushirika wenyewe haukuwa na pamba. Wa nne alikuwa Makarius. Benchi zima lilimwita Pijo kwa sababu ya gari lake, ila mimi hapa nitamwita Makarius, maana nilimpenda. Mwanasha alitumiminia kahawa kutoka kwenye birika la marehemu mumewe, kahawa bila kashata, kwa kuwa mwaka huo wa themanini na moja sukari ilikuwa ya kibali. Tulikuwa na muda mwingi na vitu vichache.

Alhamisi moja basi la Mikumi liliingia saa nne kama kawaida. Utingo akashuka, akaja moja kwa moja mpaka benchini, akampa Makarius barua. Walijuana vizuri. Kila Alhamisi, kwa miezi kumi na minne, Makarius alimkabidhi utingo huyo mfuko wa unga ampelekee mkewe Odilia, mkunga wa zahanati ya Mikumi. Hata siku hiyo mfuko ulikuwa pale miguuni pake, umefungwa kwa kamba ya mkonge, unasubiri basi ligeuze saa nane.

— Karani, nisomee. Miwani sina.

Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, naiona. Nikasoma hivyohivyo.

“Makarius, salamu. Mimi ni mzima. Nimepata uhamisho, naenda Tunduru. Nachukuliwa Jumamosi asubuhi pamoja na vitu vyangu. Kama unakuja, njoo kabla. Unga umefika, asante. Odilia.”

Tunduru! Kutoka Kilosa kwenda Tunduru, siku zile, ilikuwa afadhali mtu akuambie anakwenda ng’ambo. Makarius akachukua barua yake, akaikunja mara nne, akainuka akaelekea kwake. Tukadhani amekwenda kulia. Baada ya robo saa tukamwona anarudi, amekumbatia kopo la oili la lita tano, akaliweka katikati ya benchi.

— Leo namimina, akasema. Ijumaa alfajiri naondoka. Jumamosi hainikuti hapa.

Hapo lazima niseme habari ya gari. Lilikuwa Pijo 404, rangi ya maziwa, alilonunua kwa Mgiriki mmoja wa mkonge, mashamba yalipotaifishwa na Mgiriki akafunga virago. Odilia alipopelekwa Mikumi, Makarius alimwambia mbele yetu sote, palepale stendi: “Kila Jumamosi nitakuwa mlangoni kwako na gari.” Na kweli, miezi minne alikwenda. Kisha siku moja dukani oili hakuna, mtu akamuuzia ya kwenye chupa, nyepesi kama chai, naye akaitia. Injini ikanoki kijiji cha Ulaya, katikati ya njia. Odilia alikuwa amevaa, amekaa kwenye ngazi za zahanati, na alikaa pale mpaka taa zikawashwa. Makarius alirudi Kilosa akivutwa na trekta. Injini aliitengeneza mwenyewe, ringi moja moja, na sasa gari lilikuwa nyuma ya nyumba yake juu ya magogo, limefunikwa turubai, zima kabisa, linasubiri oili tu. Oili ya haki.

Reli akalizungusha lile kopo.

— Uzito wake namba ngapi hii?

— Ndiyo mnisaidie. Kutu imekula maandishi. Imebaki sifuri.

— Sifuri peke yake?

— Sifuri na kitu mbele yake. Hicho kitu ndicho kilicholiwa.

— Umeitoa wapi?

— Magole. Dereva wa trekta la kijiji. Nimempa baiskeli.

Spana akaruka.

— Baiskeli ipi? Ile niliyokuwekea mnyororo mpya?

— Hiyohiyo.

— Mungu wangu! Umetoa baiskeli nzima kwa sifuri?

— Tulia wewe, akasema Reli. Tuhesabu. Inaweza kuwa thelathini. Inaweza kuwa arobaini. Inaweza kuwa hamsini.

— Arobaini ingenifaa, akasema Makarius. Mgiriki alikuwa akitia arobaini.

— Na inaweza kuwa tisini, bwana Pijo. Tisini ni ya giaboksi. Hiyo ukiimimina kwenye injini, jioni yake tunakuja na majembe kuizika.

Makarius alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mpana wa mabega, dereva wa mkonge tangu ujana, na siku hiyo alitutazama mmoja mmoja kama mgonjwa anavyowatazama waganga.

— Tupime, akasema Reli. Mwanasha, nipe kijiti.

Akachovya kijiti, akakiinua, akaanza kuhesabu kwa sauti kati ya tone na tone. Moja, mbili, tatu, nne. Tone likaanguka.

— Nne! Basi ni arobaini.

— Wacha uongo, Spana akasema. Unahesabu haraka. Mpe Karani ahesabu, yeye ni mtu wa ofisi.

Nikahesabu mimi. Ikaja sita.

— Sitini! akapiga kelele Spana.

— Hakuna oili ya sitini, akasema Reli.

— Hakuna kwako. Wewe ulikuwa unachochea makaa kwenye garimoshi, unajua nini?

— Najua oili, kijana! Garimoshi linatiwa oili nzito mpaka unaipasha moto kwanza ndipo ikubali kutoka kwenye kopo. Na lile dude linapanda mpaka Tabora. Oili nzito ndiyo oili. Mtie tisini, mtie mia, gari litakwenda taratibu lakini litafika.

— Sasa hivi umesema tisini tunaizika!

— Nilikuwa sijafikiri.

Wakati huo alikuwa amekaribia mama mmoja mtu mzima, amejifunga kitenge, ana kikapu chenye kuku wawili waliofungwa miguu. Alikuwa ameshuka na basi lilelile la Mikumi na anasubiri treni ya alasiri kwenda Munisagara kwa dada yake. Tukamwamkia wote kwa pamoja.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Naomba kahawa na pa kukalia.

Aliitwa mama Costancia, wa Kisanga. Tukasogea apate nafasi, Mwanasha akampa kikombe, sisi tukarudi kwenye kazi yetu. Jua lilikuwa likipanda na sifuri bado ilikuwa sifuri.

Spana alichovya kidole, akakilamba. Akafumba macho.

— Hii ni ya nchi ya baridi.

— Umejuaje?

— Ulimi umekaza. Sikilizeni, ile namba ya kwenye kopo ni joto la nchi. Thelathini ni joto la Morogoro. Arobaini ni Dodoma. Hamsini ni huko kwa Waarabu. Sasa Pijo anatoka Kilosa anakwenda Mikumi, mahali pawili tofauti. Atie thelathini mpaka Ulaya, asimame, amwage, atie arobaini.

— Amwage wapi? nikamuuliza. Na hiyo nyingine aitoe wapi?

— Hayo ni mambo ya ofisi, Karani. Mimi natoa utaalamu.

— Oili inapata joto injini inapowaka, Spana, akasema Makarius kwa upole. Nyepesi ikichemka inakuwa maji, kama ile iliyoniua. Nzito, asubuhi inachelewa kupanda juu, vyuma vinasagana vikavu. Nataka iliyo katikati. Basi tu. Ya katikati.

Alisema “basi tu” kwa sauti iliyonifanya nitazame chini.

— Kama ni hivyo nitakwambia siri, Spana akasogea. Nilielezwa na fundi mmoja wa Dar. Namba ile ni umri wa dereva. Kijana anakanyaga mafuta sana, anatia thelathini. Wewe una hamsini na mbili. Tia hamsini.

— Na zile mbili?

— Hizo mbili unajazia mafuta ya nazi.

Reli alicheka mpaka kahawa ikampalia. Hata Makarius alitabasamu. Kusema kweli, hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Miezi kumi na minne, kila wiki kulikuwa na kopo, au habari ya kopo, au mtu wa Kimamba aliyemjua mtu mwenye kopo, na kila wiki tulilipima na kulikataa. Moja tulilikataa kwa sababu ya harufu. Lingine Reli alisema limekaa juani mno. Makarius alitusikiliza, alirudi kwake, aliosha gari, akaja tena kesho yake. Kila siku basi lilipita mbele yetu.

Mama Costancia akaweka kikombe chini.

— Samahani, wanangu. Mimi mambo ya magari siyajui. Lakini naona mnapima matone kama dawa. Huyo mgonjwa ni nani?

— Hakuna mgonjwa, mama, akajibu Reli. Ni mke wa huyu. Yuko Mikumi, Jumamosi anahamishwa. Ndiyo tunamtafutia mwenzetu oili amfuate.

— Mikumi hii nilikotoka na basi leo?

— Hiyohiyo.

— Na huo mfuko?

— Unga wa mke wangu, akasema Makarius. Nampelekea kila Alhamisi, kwa basi.

Mama yule akautazama mfuko, akamtazama Makarius, akautazama tena mfuko.

— Unga unapanda basi. Wewe je?

Makarius alimjibu yeye, sisi hakututazama.

— Mama, nilimwahidi gari. Alivaa akanisubiri kwenye ngazi mbele ya watu wote, wagonjwa wanamwona, mpaka usiku ukaingia. Nikasema moyoni, siku nyingine akiniona, ataniona nashuka kwenye gari lilelile. Nitashukaje kwenye basi, nimeshika nguzo, nina mavumbi? Nitamwambia nini? Namtamani mke wangu, mama. Kila siku namtamani. Lakini aibu ninayo.

— Nimekuelewa, baba. Sasa niulize jambo moja tu. Kwenye barua, amesema uje na gari?

Reli alinitazama mimi. Spana alinitazama mimi. Mimi ndiye niliyesoma ile barua, nikaisoma kwa sauti safi ya ofisini, na watu wazima watatu tukaisikia kisha tukakimbilia kopo. Nikajaribu kuikumbuka neno kwa neno.

Makarius akatoa miwani mfukoni, akaivaa. Akaikunjua ile barua kwenye paja, akaisoma polepole, midomo ikicheza. Akaigeuza nyuma, kulikokuwa kweupe, akapatazama pia. Akarudi mbele. Niliona kidole chake kimesimama mahali pamoja na hakikuondoka hapo kwa muda mrefu.

— Amesema njoo, akasema.

— Basi, akasema mama Costancia, akawainamia kuku wake.

— Karani, basi linageuza saa ngapi?

Alikuwa anajua linageuza saa ngapi. Alijua kuliko dereva. Lakini niliona anataka mmoja wetu aseme, nami sikutaka kusema, maana nilijua nikisema ataondoka. Nami nilikuwa najua tangu zamani, hilo nalikiri leo. Nilijua tangu mwezi wa kwanza kwamba njia ya Mikumi ilikuwa palepale mbele yetu, na nilinyamaza kwa kuwa bila yeye asubuhi zangu zingekuwa ndefu.

— Saa nane, nikasema.

— Saa hii saa sita na nusu, akaongeza Reli, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Kaoge, bwana. Ukanyoe ndevu.

Akaenda. Alirudi saa nane kasoro, shati jeupe limenyooshwa, viatu vyake vya Jumapili, na kijisanduku kidogo cha bati. Utingo alinyoosha mkono kupokea mfuko wa unga kama alivyozoea.

— Leo niache nibebe mwenyewe, Makarius akamwambia.

Akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Kwangu alisimama kidogo zaidi. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kumwambia amsalimie Odilia. Basi lilipotupita, alikuwa upande wa dirishani, mfuko wa unga juu ya magoti ameukumbatia kwa mikono miwili, anatazama mbele. Mavumbi yakatujia, tukayaacha yatujie.

Mama Costancia alikwisha kwenda stesheni na kuku wake. Kopo lilibaki palepale kwenye benchi. Spana akalifungua, akachungulia, akalifunga.

— Mimi bado nasema ni hamsini, akasema.

Hakuna aliyembishia. Akaliinua kopo akaliweka chini ya taruma, upande wa kivulini. Mwanasha alikuwa ameshapanga vikombe kwa mazoea yake, vinne, akamimina vyote kabla ya kukumbuka. Tulikunywa vyetu vitatu. Cha nne kilipoa mahali pake, na hata kesho yake tulipokuja, kila mtu alikaa pale alipokuwa akikaa siku zote, nafasi ya Makarius tukaiacha wazi.