Baba Mkwe Alivyokitaja Kidonda Changu

Nawasalimu nyote, wa kanisani na wa msikitini, maana kikundi chetu kina sisi sote. Kiti nimekiona, asanteni. Nitakaa nikimaliza.

Ndugu zangu, nawaambia, niliumwa mahali ambapo mwanamke wa Kinyakyusa hapataji hata kwa dada yake. Kilianza kijipu karibu na njia ya haja kubwa. Nikakificha. Nikakikanda kwa maji ya chumvi, nikaenda kukata ndizi kana kwamba ni mzima. Msibani wenzangu wamekaa chini kwenye mkeka, mimi nimesimama jikoni, wakasema naringa. Cheka tu, mama, na wewe ulisema.

Usaha ulipoanza kutoka, na homa juu, hospitali ya Tukuyu wakanituma Mbeya. Mbeya wakasema nikimbilie Dar, sumu ikiingia kwenye damu basi. Mume wangu alikuwa machimboni, simu haipatikani. Aliyelijua jiji nyumbani ni mmoja tu, baba mkwe.

Ninyi mliotoka pwani labda hamjui. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso. Ukimsikia anakuja njiani, unaingia migombani apite. Miaka yote ya ndoa nilimjua kwa sauti, ng'ambo ya ukuta. Basi safarini yeye akakaa siti ya mbele, mimi huku nyuma, na akitaka kujua hali yangu anamtuma abiria.

Kukaa sikuweza. Kila tuta nilijiona napasuliwa. Nikapiga magoti sakafuni, kifua juu ya siti. Kondakta akaja.

"Mama, kaa vizuri, trafiki wako mbele."

"Mgongo unaniuma, baba."

"Mgongo gani unanuka hivyo?"

Watu wakafungua madirisha. Nilitamani kufa, na sisemi kwa utani. Tulipokaribia Makambako akaniambia nitashuka stendi, nitafute basi lingine. Nilijua nikishuka sipandi tena, nguvu zilikuwa zimekwisha.

Ndipo nikaisikia sauti ile ya ng'ambo ya ukuta, iko juu ya kichwa changu. Nikajifunika kanga uso mzima.

"Mwe bandu, enyi watu, huyu ni mwanangu. Ana kidonda matakoni, kinatoa usaha. Mkimshusha, anafia hapo stendi. Mpisheni alale."

Mzee ametaja matako ya mkamwana wake mbele ya basi zima! Waliokuwa siti ndefu ya mwisho wakainuka, wakabanana kwingine, wakanilaza kifudifudi. Yeye akakaa pembeni, akanishika bega nisianguke, uso ameugeuzia dirishani, hadi Dar.

Walinipasua. Wakasema nimechelewa, nyama imeoza. Haja yangu inatokea hapa tumboni, kwenye mfuko, na itakuwa hivyo hadi nitakapokufa. Nalia mara nyingi. Lakini nipo.

Nawashukuru wauguzi, abiria wale, na ninyi mlionifulia bila kukunja pua. Mabinti, mficha uchi hazai. Ukishikwa huko chini, taja, tena mapema.

Baba mkwe, tuliporudi, alirudia heshima yake, nami yangu. Wazee wenzake walimsema sana. Hatukusemezana tena. Siku ya kumzika walipofungua jeneza, ndiyo mara ya kwanza nilimtazama usoni. Nikamwambia, "Ndaga, tata," asante, baba. Hakusikia.