Jamleck Kitavi Muema na Ufa wa Boila

Ndugu, jamaa na marafiki, mzee wetu aliagiza historia yake isomwe nzima, pamoja na aibu yake, nasi tunamtii.

Marehemu Jamleck Kitavi Muema alizaliwa tarehe 12 Machi 1949 huko Kangundo, kifungua mimba wa mzee Muema na mama Ngina, akasoma huko huko hadi mwaka wa 1965, na tarehe 6 Januari 1969 akaajiriwa katika karakana ya reli, Nairobi, chini ya fundi Inderjit, aliyemfundisha kutengeneza boila, yaani matangi ya kuchemshia maji, za injini za mvuke zilizoundwa Glasgow, Uskoti, injini kumi na nane za aina moja, zilizoshushwa Mombasa kabla hajazaliwa, zikavuta chai, ng'ombe na watu kutoka pwani hadi ziwani.

Alimwoa mama yetu, Ndanu, tarehe 14 Aprili 1973, wakakaa Ngara, wakajaliwa Kaluki na Zedekiah. Tarehe 19 Agosti 1975, mama akiwa na mimba ya Kaluki, marehemu alikaza bomba kupita kiasi ndani ya injini ya kumi na moja, bamba la boila likapata ufa, naye kwa kuogopa kufutwa kazi akaugonga ufa ule hadi ukaziba, akaupaka masizi, akaandika kwamba boila ni nzima. Kwa miaka mitatu, kila filimbi ya injini hiyo iliposikika, aliacha chakula, akihofu boila italipuka.

Mvuke ulipoachwa, injini nyingine zote zilikatwa zikawa vyuma chakavu, hiyo moja ikahifadhiwa pale karakana. Kila Jumamosi, hata baada ya kustaafu mwaka 2004, alitembea kwenda kuigusa tumbo ahakikishe ni baridi, nasi tukadhani ni mapenzi. Nyumbani alipiga marufuku sufuria ya presha, maharagwe yakachemka tangu asubuhi, tukamcheka sana. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022, akawa akisafishwa damu katika hospitali moja ya Upper Hill. Julai 2024 Kaluki alimletea habari njema, kwamba injini ya kumi na moja itawashwa Jumamosi tarehe 27 kubeba familia, na wajukuu wake wanne wameshakatiwa tiketi. Alhamisi, badala ya kwenda kusafishwa damu, alikwenda karakana, akaingia ndani ya tanuri ya injini kwa magoti, akakwangua masizi, akamwambia mhandisi Chetan, "Hapa ndio niliharibu. Ni mimi. Hii kitu msiwashe." Ufa uliokuwa na urefu wa kidole ulikuwa umefika urefu wa mkono. Safari ikafutwa.

Alifikishwa hospitali jioni hiyo akiwa ameishiwa pumzi, akafariki Jumapili tarehe 28 Julai 2024, saa tatu asubuhi, wajukuu wote wanne wakiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ngara, wastaafu wenzake wa reli, na Chetan, aliyemshika mkono wala hakumkaripia.

Baba, umeogopa miaka arobaini na tisa, inatosha. Sasa pumzika kwa amani.