Siku Josias Alipounda Chama cha Vinyozi

Ukiingia galerie, ule ujia wa maduka wenye paa pale Bruxelles, kutokea barabara ya Chaussée de Wavre, ukalipita duka la vitenge la Bibiane, utakuta benchi refu la kanisa lililokimbia kanisa. Parokia moja kule mtaa wa Forest ilikosa waumini ikauza viti vyake. Josias akanunua kimoja, akakiweka mbele ya saluni yake ya kunyoa na kuongeza termosi ya kahawa, akidhani wateja watangojea zamu hapo. Wateja hawakungoja. Waliokaa ni watatu, na walikaa kwelikweli. Kuna Hilaire, aliyeacha seminari karibu na upadri akabaki na jina la Monseigneur, kama askofu, siku hizi anatunza wazee wa mtaa wa Uccle. Kuna Kazadi, mzaliwa wa Likasi, fundi wa kiwanda cha magari, anayeitwa Moteur kwa kuwa haongei sana ila akiwaka kumzima ni kazi. Na kuna Sylvestre, yaani Professeur, anayeandika tasnifu juu ya vyama vya mafundi wa Ulaya ya kale tangu mwalimu wake akiwa bado na nywele. Ilikuwa Agosti 1995, jua linapika lami, na wote watatu walikuwa wamevaa kofia.

Josias hakuuliza habari za kofia. Kichwani alikuwa na jambo lake, nalo lilikuwa na jina: Gracieuse. Huyu alitoka Goma juzijuzi, akapewa kiti kimoja kwenye chumba cha nyuma cha Bibiane ili asuke wanawake, na hapo hapakuwa na neno. Kisha akaonekana na mashine ya kunyolea. Tangu siku hiyo kiti cha pili cha saluni ya Josias kikawa cha kuwekea magazeti, na kile cha kwanza kikaanza kupata vumbi. Mwenye nyumba alikwisha kuuliza, kwa ule upole wa Kibelgiji unaotisha kuliko kelele, kama Monsieur angependa kweli kuendelea. Josias aliogopa. Bila saluni hakuna mtu angemwita Maître, yaani fundi mkuu. Angekuwa baba mmoja tu anayengoja tramu.

— Ule mwanamuke atanifungisha mulango, alisema akimimina kahawa. Nani alimupa ruhusa ya kugusa kichwa ya muntu?

— Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe, alijibu Monseigneur. Donc, jembe. Hapana tondeuse ya kunyolea. Maandiko iko wazi.

— Ile haiko Maandiko, alisema Moteur.

— Iko karibu.

Professeur alisafisha koo. Akisafisha koo, watu huangalia saa.

— Bon. Hapa hapa Bruxelles, zamani, hii kesi ingeisha mbele ya chakula ya saa sita. Kila kazi ilikuwa na corporation yake, chama ya bafundi. Bale ba mukate, bale ba pombe ya bière, bale ba viatu, bale ba nywele. Kama hauko ndani ya corporation, hakuna kufanya kazi mu muji. Bakikukamata, banakunyanganya bintu byako yote.

— Ata tondeuse? aliuliza Josias.

— Tondeuse haikukuwa, Maître. Wembe.

Josias akasogea karibu. Miaka yote aliyomnywesha Sylvestre kahawa, hii ilikuwa mara ya kwanza tasnifu ile kumfaa mtu.

— Zile nyumba za dhahabu pale kiwanja ya Grand-Place, Professeur aliendelea, munafikiri ni za bafalme? Hapana! Ni za bafundi. Mwaka ya mille six cent quatre-vingt-quinze, Bafaransa balipiga muji na mizinga, moto ikakula yote. Bafundi bakajenga tena, haraka haraka. Trois cents ans, miaka mia tatu, mwezi huu huu!

— Haraka haraka haina baraka, alisema Monseigneur. Lakini munaona? Nywele njo ilijenga Grand-Place.

— Sikusema nywele. Kulikuwa bière, kulikuwa...

— Bière haijengake, Professeur. Bière inabomoaka. Ni nywele.

Professeur, masikini, akafanya kosa la kuongeza elimu. Akasema vinyozi wa enzi hizo hawakunyoa tu. Waling'oa meno, wakapiga chuku, wakatoa watu damu.

Monseigneur aliruka kama aliyeitwa na malaika.

— Voilà! Sasa nimeelewa juu ya nini Ulaya ilitajirika. Mufanyakazi hana jino ya kumuuma, hana chawa, ata damu ya hasira bameitosha. Atafanya nini? Atafanya kazi! Sisi kule kwetu mboka tulibakia na meno yetu yote, njo tukabakia maskini.

— Na Baportugais, bale Bareno? aliuliza Moteur, kwa sura isiyocheka. Nao balikuwa na binyozi?

— Hapana! alijibu Monseigneur. Angalia picha zabo: bote ndevu mupaka kifuani. Muntu anazunguka Afrika muzima na mashua juu ya nini? Pilipili? Nani anakufaka juu ya pilipili? Bale batu balikuwa banatafuta kinyozi.

— Balimupata?

— Sijue.

— Kwetu balipata cuivre, ile shaba, alisema Moteur. Bakasahau ndevu.

Kwa hiyo, kabla kahawa haijapoa, ikaamuliwa kwamba galerie itakuwa na chama chake cha vinyozi, Josias akiwa mkuu, na kwamba Gracieuse atapimwa kwa kanuni za zamani. Professeur alizitaja moja moja akihesabu kwa vidole. Mwanafunzi hukaa kwa fundi miaka, mara nyingine saba, akianza na kufagia. Kisha hutoa chef-d'œuvre, kazi moja ya kumthibitisha mbele ya mafundi wote. Akipita, hao mafundi huvua kofia kumpokea, naye huwalisha karamu.

— Mugeni njoo, mwenyeji apone! alishangilia Monseigneur. Kuku! Samaki! Hiyo kanuni nimeipenda sana.

— Na kufanya kazi na mushumaa ilikatazwa, Professeur aliongeza. Juu mu giza kazi inakuwa mubaya.

Josias akapiga goti lake. Chumba cha nyuma cha Bibiane hakina dirisha. Taa huwaka asubuhi hadi jioni. Alijisikia kama mtu aliyeokota kisu chake mwenyewe njiani.

— Na pengine, Professeur alimalizia, bilikuwa lazima uzaliwe mu ule muji. Bale ba kutoka inje...

— Ile moja muitoshe, muiondoe, alisema Moteur.

— Ni histoire tu, Moteur.

— Minajua. Mi nilizaliwa Likasi. Papa yangu alizaliwa Likasi. Quatre-vingt-douze, mwaka ya tisini na mbili, bakatuambia tuko bageni, turudie Kasai kwa bababu, kwenye hatuyafika ata siku moja. Tulilala pale gare na batoto, mvua inanyesha, tunangojea train. Ile kanuni sitakunywa nayo kahawa.

Josias aliona haya, haya ya kweli, kwa sababu Moteur hakuwahi kuisema habari hiyo kwenye benchi, na kwa sababu yeye mwenyewe alizaliwa Bukavu, ambako si Bruxelles hata kidogo. Kanuni ikatolewa. Monseigneur alikubali bila methali, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

Gracieuse aliitwa. Alikuja na aproni yake, mashine mfukoni, akasimama mbele ya benchi akisikiliza habari za wajenzi wa Grand-Place kama mtu anayesikiliza ndoto ya shangazi yake. Walipomaliza alizitazama zile kofia, moja, ya pili, ya tatu. Wenye kofia wakaanza kukagua dari la galerie.

— Kama nimepita, munaniacha nifanye kazi yangu?

— Ukipita, alisema Josias.

— Na nikikosa?

— Jembe, alisema Monseigneur, macho bado yakiwa darini.

— Bon. Kichwa iko wapi?

Hapo ndipo chama kilipopata mgogoro wake wa kwanza. Monseigneur alikuwa na mafua, na mafua ya Agosti, kila mtu anajua, huingilia kichwani. Professeur alikuwa na ukurasa mmoja unaomsumbua, akinyolewa ungepotea. Moteur alisema tu hapana.

— Lakini, Monseigneur alisema upesi, kinyozi hajinyoi! Maana yake kinyozi njo anatoaka kichwa. Maître, ni weye.

Methali ilikuwa imepinda, ila ilianguka mahali pake. Tangu atoke Bukavu Josias alijinyoa mwenyewe kwa vioo viwili, kimoja ukutani na kingine mkononi, na kisogo chake kilikuwa na vilima na mabonde kama njia ya Masisi. Benchi zima lilikijua kisogo hicho. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Akakaa kwenye kiti chake mwenyewe. Gracieuse akamfunga kitambaa, akakisukuma kichwa chake mbele kwa vidole viwili, na mashine ikaanza kuimba. Josias alikuwa amejiandaa kuhesabu makosa. Badala yake alifumba macho. Mkono wa mtu mwingine haukuwa umegusa kichwa chake miaka yote hiyo, naye alikuwa amesahau kwamba kunyolewa ni raha, kwamba mtu akishikwa kichwa vizuri hupumua kama mtoto aliyeoshwa. Alitamani asimalize.

Alimaliza. Josias akachukua kioo cha mkono, akageuza shingo. Vilima vimekwisha. Nyuma ya shingo palikuwa na mstari ulionyooka, ila penye kona haukukatwa mraba kama anavyokata yeye, kama wanavyokata vinyozi wote wa galerie. Kila kona ilizungushwa kidogo.

— Kona imezunguka, alisema.

— Njo vile minafanyaka, papa. Nywele ikirudia kuota haionekane mbaya. Muntu anakaa safi wiki mingine.

Alitafuta kosa. Alilitafuta kwa moyo wote, kwa sababu ya kile kiti chenye magazeti na kwa sababu ya upole wa mwenye nyumba. Lakini Josias, hata kama alikuwa na ulimi wa kuzidisha mambo, juu ya nywele hakuweza kusema uongo.

— Amepita, alisema.

— Asante, papa. Gracieuse akakunja kitambaa. Na weye, papa Josias? Chef-d'œuvre yako ulitosha mbele ya nani?

Miaka yote ya tasnifu haikuwa na jibu la swali hilo, yaani fundi wa kwanza kabisa alipimwa na nani. Josias alijifunza katika bweni la shule ya mapadri, kwa wembe uliovunjwa nusu, juu ya vichwa vya wale wasiojua kukimbia.

— Nitaitosha leo, alisema Josias. Aliinuka, akachukua mashine yake, akaiwasha. Sharti ni sharti. Nani anatoa kichwa?

Mikono mitatu ilipanda mara moja. Josias karibu afurahi. Kisha akaona kwamba ilikuwa imepanda kushika kofia.

— Vueni, alisema.

— Maître, mafua...

— Muntu amepita. Bafundi banavua kofia. Ni kanuni yenu, mi sikuiandika.

Moteur alivua wa kwanza, akaiweka kofia ya kiwandani magotini. Professeur akafuata. Bereti ya Monseigneur ilikawia, kisha nayo ikatoka. Josias akalizunguka benchi polepole, akasimama nyuma yao, mahali padri asiposimama kamwe. Visogo vitatu vilikuwa vimepangwa juu ya mti wa kanisa, safi, vibichi, vya wiki hiyo hiyo. Mistari mitatu iliyonyooka. Kona sita, na zote zimezungushwa.

Hasira ilimpanda. Alifikiria vikombe vyote alivyowamiminia, na kila *wiki ijayo, Maître, bado haijaota*. Mashine ilikuwa bado inaunguruma mkononi mwake, na hakuna shingo kati ya zile tatu iliyothubutu kugeuka. Monseigneur alitafuta methali.

Kisha Josias akapeleka mkono kwenye kisogo chake mwenyewe, akapapasa kona ile, laini, akaizima mashine.

Aliingia ndani, akaondoa magazeti kwenye kiti cha pili, akakifuta kwa mkono wa shati. Kiti hicho kiko dirishani.

— Hapa kuko mwangaza, alimwambia Gracieuse. Lete bintu byako, na bale bote banaokungojea kwa Bibiane baje hapa. Mwenye nyumba akiona foleni ataacha kuwa mupole.

Gracieuse alimtazama kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Josias aliitikisa termosi, ikatoa kikombe kimoja cha mwisho, kisichojaa, akampa yeye. Karamu ya fundi mpya ilikuwa hiyo, na mara hii aliyekula ni mmoja.

— Na siye, Maître? Monseigneur aliuliza kutoka kwenye benchi, kwa sauti ndogo. Kahawa?

Josias alikuwa amekwisha kuchukua ufagio. Alianza na nywele zake mwenyewe, zilizokuwa zimetapakaa chini ya kiti cha kwanza, akizikusanya vizuri kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

— Muulizeni Maître, alisema, akielekeza ufagio kwenye kiti cha dirishani, bila kuinua kichwa. Mi niko nafagia.