Picha ya Somo la Njaa

Tangu kituo cha Gare du Midi, tramu nzima tulishajua kwamba papa Tharcisse anafundisha chuo kikuu. Sasa alikuwa akimwonyesha mama aliyekaa kando yake, kwenye tableti, kozi aliyoitunga mwenyewe. «Iko bure kwenye internet, maman. Kila mutu anaweza kuikamata kwenye simu yake, kuibadirisha, hata wanafunzi wa Bukavu.» Akafungua somo la njaa, lenye picha kubwa ya mtoto aliyekonda.

Yule mama akajishika mdomo. «Huyu mutoto ni miye.»

«Pardon?»

«Ni miye, kule kambini Goma. Hii robe yenye nimevaa, marehemu mama njo alinishonea. Nani alituomba ruhusa?»

Papa Tharcisse akaifunika ile picha kwa kiganja. «Bon, maman... nitaitosha, nitaifuta kwenye kozi leo leo.»

«Na wale wenye walishaikamata?»

Tukafika Berchem, mwisho wa safari. Milango ikafunguka. Hakuna aliyeinuka kabla ya kusikia jibu.