Gurudumu Kwenye Benchi

Asubuhi ile wanaume wa kijiweni walimeza mate tu. Birika lilikuwa limejaa kahawa, linafuka juu ya mkaa, lakini mwenyewe Mama Birika alikuwa ameshika mpini wake na hamimini. Benchi nalo lilikuwa limekaliwa. Katikati yake, pale wazee wazima wanapogombania tangu jua likiwa changa, alikuwa amelaza gurudumu la nyuma la pikipiki ya mwanawe, tairi limetoka upande mmoja kama mdomo wa mtu aliyepigwa ngumi. Akawaambia wasimame walitazame vizuri, kwa kuwa makalio yao yamelitazama benchi miaka mingi na hayajaona kitu.

— Nataka kimoja tu, akasema. Nani kamvunja mwanangu. Akijulikana, namimina.

Mwanawe alikuwa hospitali, paja vipande viwili, mguu umening'inizwa kwa kamba. Na habari yenyewe ilianzia hapohapo kijiweni, kwenye kibanda cha Fundi Gundi, mziba pancha. Gurudumu la spoku lina matundu kwenye rimu, kila spoku na tundu lake, na upepo hauna heshima ya tundu. Ndiyo maana tangu mababu linavaa tyubu ndani. Fundi Gundi akatangaza kwamba zama za tyubu zimekwisha. Alipangusa rimu, akaziba kila kichwa cha spoku kwa gundi, akazungushia utepe, akavisha tairi lisilotaka tyubu. Msumari ukiingia, unachomeka utambi wa mpira kwa nje, safari inaendelea. Kijana wa Mama Birika alikuwa wa kwanza kufanyiwa, mwenzake Profesa wa pili. Kijiwe kizima kilipiga makofi.

Kisha magurudumu yakaanza kunywea. Kila asubuhi pampu, kila asubuhi sababu mpya. Jana, kwenye kona ya soko, tairi lililonywea likatoka kwenye rimu, na kijana akatoka kwenye pikipiki.

Fundi Gundi alianza bila kuulizwa. Gundi yake haina kosa, akaapa, inashika hata bati la nyumba. Kosa ni la barabara. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba kijana naye tangu aoe amenenepa.

— Rudia, akasema Mama Birika.

Akarudia ya barabara.

Profesa alikuwa mwendesha pikipiki mwenzake yule kijana aliyeumia, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna jambo alilowahi kukiri kwamba halijui. Huyu akasema barabara haihusiki. Tatizo ni upepo wenyewe. Upepo wa pampu ya kituo cha mafuta umeshatumika kwenye malori, umechoka, ni mwepesi, unapenya popote. Na zaidi ya hapo, tyubu ilikuwa malezi.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, akasema. Upepo uliokosa tyubu ndio huo.

— Mimi ndiye mamaye, akajibu Mama Birika. Unanisema mimi au unausema upepo?

Profesa akasema anausema upepo.

— Maji yakimwagika hayazoleki, mama, akaingilia Fundi Gundi kwa huruma ya kutafuta kikombe.

— Huu ni upepo, baba. Unazoleka kwa pampu, na mwanangu kauzoa kila asubuhi huku mkimtazama. Paja ndilo halizoleki.

Mzee Kinanda peke yake hakuwa na wasiwasi wa pa kukaa, kwa kuwa yeye huchuchumaa. Mzee huyu alistaafu ufundi wa baiskeli, mikono yake ikakataa kustaafu. Kila siku hukamata gurudumu lolote lililo karibu, akagonga spoku kwa spana ndogo na kutega sikio. Ikilia vizuri anaipita. Ikikohoa anaikaza nusu mzunguko, akishika kichwa cha spoku kwa nje ya rimu, mpaka iimbe. Hapokei kitu ila kikombe kimoja, na kikombe hicho Mama Birika alikuwa akimpa kwa moyo mweupe, maana gurudumu lililochezwa zaidi kuliko yote lilikuwa la mwanawe. Sasa mzee alikuwa kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki ya Profesa. Ting. Ting. Tong. Akakaza.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema bila kuinua kichwa. Ni jicho la watu. Gurudumu lilikuwa linaimba mno.

Hapo mambo yakaharibika kabisa. Fundi Gundi akaliunga mkono jicho, kwa kuwa jicho halina gundi. Profesa akalikataa, akaleta mwezi: unavuta maji ya bahari nzima, utashindwaje na upepo wa tairi moja? Wakabishana kama mwezi huvuta tairi la mbele pia. Mama Birika aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na hasira ikampanda. Mwanawe analia huko akibadilishiwa shuka, na hawa wanaushitaki mwezi.

Mkwewe, mke wa majeruhi, akatokea akiwa na mtoto mgongoni na chupa ya supu mkononi. Profesa ndiye aliyeahidi kumpeleka hospitali. Akawaamkia wote, akasimama kando ya pikipiki kungoja mzozo uishe, macho yakiwa hayana pa kwenda ila kwenye mikono ya Kinanda. Ting. Tong. Nusu mzunguko.

— Samahani, babu, akasema. Hiyo si ndiyo iliyozibwa kwa gundi kwa ndani?

— Ndiyo hiyo, mwanangu.

— Sasa ukizungusha kichwa cha spoku, gundi haibanduki?

Spana ikasimama. Kinanda akamtazama Fundi Gundi, Fundi Gundi akamtazama Profesa, na Profesa, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, akatazama viatu. Wote walikuwa wamemshikia mzee yule gurudumu la kijana. Wote walikuwa wamemsifu.

Mama Birika alitazama kikombe kidogo cha Kinanda, kile cha bure, kilichowekwa kando peke yake. Kisha akainama, akabonyeza tairi la nyuma la Profesa kwa kidole gumba. Likabonyea kama embe bivu.

— Hili ulilijaza lini?

— Asubuhi hii, mama.

Mama Birika aliitwaa spana mkononi mwa mzee, akafunua birika, akaitumbukiza ndani ya kahawa, akafunika.

— Haya, nimemjua. Mimineni wenyewe, akasema.

Akampokea mkwewe chupa ya supu, wakashika njia ya hospitali kwa miguu.