Lukeba na Ile Agateka

"Ndugu Lukeba, mukristu mwenye akili anaweza kupinga haki?"

Wasikilizaji wapendwa, amahoro. Swali hilo liliulizwa na mzee Assumani, hapa Rumonge, mbele ya watu. Aliyeulizwa ni jirani yake, Lukeba. Hatunaye tena. Ugonjwa wa figo umemchukua, tumemzika kule Gatete.

Lukeba alizaliwa ng'ambo, Kivu Kusini. Kule alifanya kazi kwenye mashine ya mawese, akaingia sendika, chama cha wafanyakazi, akatoka na maneno ya ujamaa ambayo hakuyaacha hata kanisani. Tuliimba kwaya moja. Akichelewa, ujue anabishana mlangoni.

Sasa sikilizeni. Kando ya ziwa kulikuwa na mchanga wa kuanikia ndagala, hawa dagaa wetu. Wanawake waliutumia kwa pamoja, na Elda, mke wa Lukeba, akiwa mmoja wao. Bwana Niyonzima akapata hati ya ardhi, akauzungushia seng'enge. Samaki wakaoza. Tribinali, yaani mahakama, ikasema kila mtu ana haki ya kumiliki mali, na hati ni ya Niyonzima.

Akaja wakili Aya kutoka Bujumbura, kutufundisha haki za binadamu. Akatumia neno la Kirundi la haki: agateka. Lukeba, na Kirundi chake cha kuokoteza, akanyanyua mkono.

"Madamu, iteka ni heshima, si ndiyo? Mbona hii yetu iko na 'aga' mbele, kama kitu kidogo? Heshima kubwa mulimupa nani, sisi mukatuachia kaheshima?"

Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Ndipo Assumani akauliza lile swali.

"Sipingi haki, muzee," Lukeba akajibu. "Mimi na Niyonzima tuko na haki sawa ya kumiliki ule mchanga. Yeye iko na mchanga, mimi niko na haki. Tubadilishane basi!"

Wiki hiyohiyo alikata seng'enge. Polisi wakamtia kasho, mahabusu. Wakili Aya ndiye aliyemtoa, kwa sheria: walimkamata bila kufuata utaratibu.

"Umeona, muzee?" Aya akamwambia. "Bila hako kaheshima ungelala humo."

"Murakoze, asante binti yangu. Ni kweli kabisa. Sheria imenitoa mimi. Muchanga umebaki ndani."

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni mjane, shule yangu ni ya msingi, na Mungu wa haki namwomba asubuhi na jioni. Maneno yale hayaniachi nitulie. Wakili alisema kweli. Lukeba naye alisema kweli. Sasa mimi niombe nini? Elda ameniambia, "Hata hospitalini aliniuliza: Wamefungua?"

Tunampa pole Elda na watoto wake. Bwana awashike mkono. Na wewe unayenisikiliza, haki unayojivunia, jiulize imemfungia nani nje.

Lakini sijamaliza. Juzi, matangani, Niyonzima alikuja, akaketi mkekani kwa adabu. Akatoa ufunguo wa geti.

"Mama Elda, pole sana. Wewe nimekupa ruhusa. Anika ndagala zako."

"Na wenzangu?"

"Wenzako waje mumoja mumoja, tuongee. Kila mutu na haki yake."

Elda alimtazama. Akainuka, akakaza kitenge chake, akatoka nje waliko wanawake wenzake, akamwacha Niyonzima na ufunguo mkononi.