Kovu la Moto Shavuni

Usinikunjie uso. Unadhani nimetunga kwamba wanaume wazima wa Nyakakika walisoma Kiingereza kwenye kaseti za mapenzi? Hukuwapo. Mwaka ule wakimbizi walipotujaa, aliyejua maneno mawili ya Kizungu alipata kazi kambini, na sisi wa darasa la nne hatukuwa na mwalimu ila redio ya kaseti ya Cassian, tuliyemwita Betri. Benchi langu hukaa barazani. Siku ile mvua ililiingiza ndani. Juu yake walikaa Betri na Novatus, aliyeitwa Waziri kijiweni, wakitafuna kahawa yangu, buni zilizokaushwa, zile tunazompa mgeni kiganjani.

— Mzungu akifurahi husema yuko juu ya mwezi, alisema Betri. Nimeitoa kwenye wimbo.

— Na akiachwa? aliuliza Waziri.

— Moyo huvunjika.

— Ndiyo hayo ya wahenga, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwao baridi imepandisha mvunjiko mpaka kifuani.

— Umeona. Hata mwezini walikwenda kwa furaha, roketi ni uongo.

— Mimi nasema hawalimi. Wanaachana tu, masika na kiangazi.

— Kaseti mbili zaidi, Bibi, na mimi ni mkalimani.

— Meza kwanza, nikamwambia.

Akaingia Mukandekezi, kibarua wa kupalilia migomba, kanga imemganda mgongoni. Huyu alivuka mto Kagera na watoto wawili, akafika na mmoja.

— Shikamoo, Bibi. Yule mama wa Kizungu anayeandikisha majina ya watoto waliopotea yuko ofisi ya kata. Mkalimani wake anaumwa. Anaondoka sasa hivi, na harudi. Nimeambiwa hapa wapo wanaojua.

Nikampa kahawa. Aliifumbata mkononi, hakuila.

Betri akanyoosha shati.

— Twende, mama. Nitamwambia moyo wako umevunjika.

— Habari za moyo wangu hazitamleta mwanangu. Mwambie anaitwa Nyirabageni, ana kovu la moto shavuni. Aliniponyoka mtoni.

Betri akamtazama Waziri.

— Upo wimbo wa mto, alisema Waziri. Ila ni wa wachumba.

— Basi kovu tu, kaka, Betri akamwambia. Kovu la moto shavuni linasemwaje?

Waziri akatia buni nyingine mdomoni. Betri alifumba macho, midomo ikicheza, akipita wimbo hadi wimbo. Kule ofisi ya kata gari la yule Mzungu likawaka.

— Subiri, mama, alisema. Nigeuze kaseti upande wa pili.

Akaipapasa redio.

Nikamshika Mukandekezi mkono, nikatoka naye mvuani kuelekea kata, ingawa mngurumo wa gari ulikuwa umeshavuka kilima. Mlango nikaufunga, wao wakiwa ndani.